Kwa Mabubu

Nilianza kazi ya ukalimani kabla sijaanza shule. Mama yangu hasikii. Homa ya uti wa mgongo ilimpitia akiwa bado ananyonya, huko kijijini kwao ng'ambo ya Zuzu, ikamwachia uhai na kuondoka na masikio. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na tangu nilipojua kunyoosha kidole nimekuwa mdomo wake dukani, bombani, zahanati na kwa mwenye nyumba. Lugha tuliyotumia haifundishwi popote. Ilikuwa ya mikono, nyusi na mashavu, tuliitunga wenyewe jikoni kadiri tulivyohitaji kusemeshana. Mlenda tuliutaja kwa kuvuta vidole juu kana kwamba kuna uzi unaokataa kukatika. Mjomba tulimwita kwa kukwaruza kidevu, kwa ajili ya ndevu zake, na hata alipokuja kuzinyoa hatukumbadilishia jina.

Nilikuwa mkalimani hodari, ila mwongo. Watu walipomwita mama bubu, mimi nilimfikishia kitu kingine. Pale bombani mtu akisema, "Mwambie huyo bubu asogeze ndoo yake," nilimgeukia mama nikamwambia kwa mikono kwamba dada yule anaomba, kama si usumbufu, asogeze ndoo kidogo. Mwenye duka akiuliza, "Haya, bubu leo anataka nini?" nilitafsiri kwamba anakukaribisha, mama, anauliza akusaidie nini. Ukizifuata tafsiri zangu ungedhani tunaishi kwenye mji wa malaika watupu.

Watoto wa mtaani walikuwa na ishara yao. Walijipiga midomo kwa ncha za vidole, kwa haraka haraka, huku wakitoa sauti ya ovyo, kisha wakakimbia. Mama aliponiuliza wanafanya nini, nilimwambia wanacheza. Ishara ile sikuiruhusu kuingia katika lugha ya nyumbani kwetu. Nilijiona shujaa kweli kweli, nikaamini kwamba neno lile halijawahi kumfikia.

Nilikua nayo imani hiyo. Nikasoma, nikapata kazi katika ofisi moja kule Mtumba, nje kidogo ya Dodoma mjini, nikajua kuvaa viatu vinavyolia sakafuni. Mama alihamia Nzuguni, kipindi ambacho kila ukitazama unaona msingi unachimbwa au bati linapandishwa, na mafundi wote wale walikuwa na njaa. Akaungana na wanawake watatu viziwi kama yeye, wakaanza kupika chini ya turubai karibu na soko. Ugali wa uwele, mlenda, maharage, wali, na mbuzi siku wakijaliwa. Mdogo kati yao alikuwa amesoma shule ya viziwi, anajua kusoma na kuandika. Wengine, pamoja na mama, hawakuwahi kushika chaki.

Biashara ilishika moto haraka. Mteja alionyesha sufuria kwa kidole, akaonyesha kiasi kwa kiganja, mambo yamekwisha. Wale wa kila siku walijifunza ishara. Fundi rangi mmoja aliitisha pilipili kwa kutoa ulimi nje na kuupepea kwa mkono, na wanawake wale wanne walicheka kwa sauti kubwa ambayo wenyewe hawaijui. Wagogo wenzetu waliingia na "Mbukwenyi!" yao kama wanavyoingia popote, na mama akiona kifua cha mtu kimepanda kwa salamu aliinua mwiko kumwitikia. Ubao wa jina haukuwepo. Jina walilitoa wateja: kwa mabubu. Tukutane kwa mabubu, nishushe hapo kwa mabubu.

Siku moja wenzangu watatu wa ofisini walisema twende tukale kwa mabubu. Ningeweza kusema nina kazi. Ningeweza pia kusema, jamani, mmoja wa hao ni mama yangu. Nikaingia kwenye gari. Njiani mmoja wao, mtu mwema tu, mcheshi, aliigiza jinsi anavyoagiza chakula kwa mikono na kukodoa macho, na gari zima likaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikafuta machozi, nikijisikia mbaya huku naendelea kucheka.

Mama aliniona nikishuka. Mkono wake ulianza kupanda kwenda shavuni, ndiyo salamu yetu, kisha macho yake yakawapitia wenzangu, yakarudi kwenye uso wangu. Sijui aliona nini pale. Mkono ule ule ukashuka ukachukua sahani. Alinihudumia kama mtu asiyenijua: akanionyesha sufuria moja moja, akasubiri nichague. Na mimi, mtoto niliyetunga naye ishara ya mlenda, nikaunyooshea mlenda kidole. Akanijazia bakuli hadi pomoni, mara mbili ya wenzangu.

"Ona!" akasema yule mcheshi. "Bubu amekupenda."

Niliula mlenda wote. Jioni nilimpitia nyumbani, nikiwa na maneno yangu ya kujikosha tayari vidoleni. Hakunipa nafasi. Aliniuliza tu kama nilishiba.

Miezi kadhaa baadaye soko lilipata mabanda mapya ya mama lishe, na kila kikundi kilitakiwa kufika kwa afisa maendeleo ya jamii kutaja jina lake. Mama akaniomba nimsindikize, maana yule mdogo wao anayejua kuandika hakuweza kuacha vyungu saa ya chakula. Tukiwa njiani akaniambia wameshakaa wote wanne na jina wamelipata. Nikamuuliza ni lipi.

Akajigonga midomo kwa ncha za vidole. Alifanya taratibu, kidevu juu, kama mtu anayetaja ukoo wake.

Nilisimama katikati ya njia. Nikajitia hamnazo. "Midomo?" nikamuuliza. "Mnataka kujiita Midomo?"

"Sisi," akasema kwa mikono. "Wanavyotuita wote. Waandike hivyo hivyo juu ya mlango, mteja asipotee."

Nikamwambia ni tusi. Nikamwambia siku hizi hata serikali imelikataa, watu wanaelimishwa, yeye ndiye anataka kurudi nalo. Aliniangalia kwa ile subira yake inayonichoma.

"Wakikuta tumeliandika wenyewe," akasema, "wakitaka kututukana watatuita nini tena?" Akacheka mwenyewe kwa hoja yake, akanipiga begani, tukaendelea.

Nilidhani ishara ile ameiokota kwa watoto wa mtaani, lakini hajui neno lenyewe linavyotamkwa wala lilivyo chafu. Hivyo ndivyo nilivyojipa moyo mpaka tunafika ofisini.

Afisa alikuwa kijana mwenye heshima zake. Alisimama, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo mama," na mama akamwitikia kwa kichwa. Akatuketisha. Akachukua kalamu, akaniuliza kikundi kinaitwaje. Nikamtafsiria mama swali, na mama akajigonga midomo, taratibu, kidevu juu, akageuka kutazama kalamu itakavyoandika.

Akilini nikawaona wenzangu wa ofisini wanasoma ubao utakaowekwa, kutoka ndani ya gari. Nikajiona mimi naulizwa. Naapa sikumfikiria mama hata kidogo.

"Nuru," nikasema.

"Jina zuri," akasema afisa, akaandika.

Nikamgeukia mama. "Anasema jina zuri." Sentensi hiyo niliitafsiri sawasawa.

Siku ya kugawa mabanda tulikaa kwenye viti vya plastiki, upepo wa Dodoma unatumwagia vumbi, mama lishe wa soko zima wamejifunga kanga mpya. Mama alichagua kiti cha mbele kabisa. Nilijua anapenda mbele kwa sababu anataka kuona. Sikujua anataka kuona nini. Afisa aliita kikundi kimoja kimoja, wanasimama, wanapigiwa makofi, wanakabidhiwa funguo. Kila alipofungua kinywa, mama alikuwa amemkazia macho.

"Kikundi cha Nuru," akasema afisa.

Nikamgusa mama goti. "Ni ninyi. Simama."

Hakusimama. Alinigeukia, akajigonga midomo, nyusi zimepanda: amesema hivi?

"Ndiyo," nikasema. "Amesema. Simama, mama, watu wanangoja."

"Hapana," akasema. "Midomo yake haikufumba."

Afisa akaita tena. Watu wakaanza kugeuka. Wale wenzake watatu walimtazama mama, mama akawaonyesha kwa kiganja watulie, wote wakabaki vitini. "Kikundi cha Nuru hawapo?" afisa akauliza, akangoja, akaweka funguo pembeni, akaita kikundi kingine. Nilimsikia mwanamke mmoja nyuma yetu akinong'ona na mwenzake kwamba banda lile la kona limebaki, kwa nini lisipewe wengine. Banda lile mama alikuwa amelipitia jioni tatu kulitazama. Lilikuwa na dirisha pande zote, na mtu asiyesikia anahitaji kuona nani anakuja.

"Mama, banda litachukuliwa," nikamwambia.

"Ulimwambia nini?"

Nikamwambia ukweli. Ishara ya nuru hatukuwa nayo, ikabidi nionyeshe jua, kisha taa, kisha uso unaong'aa. Nilijiona mpumbavu nikipepesa vidole mbele ya uso wangu katikati ya mkutano.

Alifikiri kidogo. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Bila sauti, kwa midomo yake mwenyewe, akalitamka neno: midomo ikafumba ikachongoka, ikafumba ikachongoka. Alilitamka bila kukosea.

"Unadhani silijui?" akasema. "Ndilo neno la kwanza la Kiswahili nililolijua. Nilipofika mjini, wewe ukiwa bado tumboni, kila mdomo ulionitazama ulifanya hivi. Bombani. Dukani. Zahanati, ulipozaliwa. Halafu ukakua, ukawa unanigeukia unaniambia wamesema karibu mama, wamesema tafadhali mama."

"Kwa nini hukuniambia kwamba unajua?"

"Ulikuwa mtoto. Ulikuwa unafurahi." Akatazama mbele, kwa afisa, kisha akarudi kwangu. "Nilidhani ukikua utaacha."

Miaka yote ile nilijihesabu kuwa ndiye ninayembebea aibu. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananibebea uongo wangu, akiupokea kila siku kwa uso mkunjufu kana kwamba ni zawadi. Na siku nilipoletwa na gari kula mlenda wake, yule mcheshi alipolitaja neno, alikuwa amesimama hatua chache mbele yetu, ameshika upawa, anatutazama midomoni.

Nilikwenda kwa afisa kabla hajafunga mkutano. Mama alinifuata, akasimama pembeni ambako aliweza kuniona mdomo. Nikamwambia yule kijana kwamba jina nililompa silo, kwamba mama yangu hakulisema, nililisema mimi. Akauliza jina lenyewe ni lipi. Sikuwa nimewahi kulitamka neno lile maishani, hata kwa kumgombeza aliyelitumia. Nikatazama chini. Mama akaninyanyua kidevu kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akinifanyia utotoni akitaka nimtazame anaposema.

"Mabubu," nikasema. "Kwa Mabubu."

Afisa akashtuka. Akanikanya kwa upole, tena mbele ya watu. "Dada yangu, hiyo siyo lugha nzuri. Tunasema watu wenye ulemavu wa kusikia. Wewe ni msomi, na huyu ni mama yako. Mimi siwezi kuandika neno la kumdhalilisha mtu."

Kila neno la maneno hayo lilinistahili, ingawa yeye alidhani ananikanya kwa kosa jingine. Nikamgeukia mama nikaanza kutafsiri, na kwa mara ya kwanza nikakusudia nisiruke kitu. Ilipobidi nionyeshe ni neno gani analolikataa, mikono yangu ikasita, maana ishara yake sikuwahi kuifanya. Nikapita kwa kusema tu "neno lile". Mama aliliona pengo hilo.

"Muulize," akasema, "jana mchana alikula wapi."

Nikauliza. Afisa akasema alikula hapo hapo sokoni.

"Muulize simu ilipolia, akiwa na tonge mkononi, alimwambia mtu wake yuko kwa nani."

Yule kijana akaonekana kuikumbuka simu ile. Masikio yakamwiva. Kisha akaanza kucheka, mama naye akacheka, kwa sauti ile kubwa, mpaka mama lishe wengine wakasogea kuuliza kuna nini.

Mwisho wake walipatana nusu kwa nusu. Afisa alisema kwenye kumbukumbu zake hawezi kuliandika neno ambalo wao maafisa wanawakataza watu kulisema, ila ubao wa mlangoni ni mali ya mwenye banda. Akawapa funguo za banda la kona. Kwa hiyo mpaka leo wakiitwa kwenye mikutano wanaitwa Nuru, na mama anasimama akijigonga midomo. Kila wanapoitwa hivyo naona uongo wangu unasimama naye.

Ubao uliandikwa na yule fundi rangi wa pilipili, herufi nyekundu juu ya nyeupe, unasomeka kutoka barabarani. Yule mdogo wao alimsimamia asikosee. Tukiwa chini ya ubao huo mama aliniambia nililisema lile neno kwa afisa kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Akaniamuru nirudie. Nikarudia. Akasema bado. Nikarudia tena, nimesimama sokoni mchana kweupe naita mabubu, mabubu, na wapita njia wananishangaa. Akatikisa kichwa, akaingia ndani kukoroga maharage.

Wiki iliyofuata wenzangu wa ofisini wakasema twende. Safari hii gari lilipozima nilikuwa wa kwanza kushuka. Yule mcheshi alisoma ubao, akapiga mluzi. "Jamani, kumbe na wenyewe wanajiita hivyo! Basi tuko huru."

Mama alikuwa mlangoni. Mkono wake ulikuwa umetulia ubavuni, ananisubiri. Nikaupeleka mkono wangu shavuni kumsalimu, nikahakikisha wenzangu wananiona, kisha nikasema kwa sauti, huku mikono ikisema pia, "Huyu ni mama yangu."

Yule mwenzangu aliduwaa. Alinitazama mimi, akamtazama mama, na nikaona anakumbuka kila kitu: gari, macho aliyoyakodoa, bakuli la mlenda. "Mungu wangu," akasema. "Shikamoo mama. Nisamehe. Mbona hukutuambia? Mimi hapa nimekuwa nasema bubu hivi, bubu vile..."

Mama akanitazama. "Anasema nini?"

Nikamtafsiria yote. Nilipofika kwenye neno sikupita pembeni; nilijigonga midomo kwa ncha za vidole, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Niliifanya vibaya, haraka haraka, kama walivyokuwa wakiifanya wale watoto wa mtaani. Nilimwona anaitambua. Aliniacha nimalize: anaomba radhi, mama, anasema hakujua, anauliza kwa nini hakuambiwa.

Mama akamnyooshea yule mwenzangu kidole, akatikisa kichwa taratibu, akaweka kiganja kifuani na kukishusha, ishara yetu ya moyo uliotulia. Kisha akamnyooshea kidole tena, yeye peke yake. Kidole hakikusogea kuja kwangu.

Ningeweza kuitafsiri kwa namna nyingi. Nilikuwa na uzoefu wa kutosha.

"Anasema hana kinyongo na wewe," nikasema. "Na wewe tu."

Mwenzangu akashusha pumzi, akanishukuru, akavuta kiti akaketi na kuulizia kama leo kuna mbuzi.